Maneno Mia Moja Kuhusu Ndege Mmoja

Kibarua kilikuja kwa WhatsApp, saa tano usiku. Mtu fulani wa mambo ya utalii alitaka maelezo ya ndege 50 wa Kenya, maneno 100 kwa kila ndege, malipo baada ya kumaliza wote. Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo kama mwaka mmoja na nusu hivi, nakaa bedsita moja Roysambu na rafiki yangu, na kibarua kikija sikuwa mtu wa kuuliza maswali mengi. Nikaandika mbuni. Nikaandika flamingo. Nikaandika tai, kanga, mwewe. Ndege wa 37 kwenye orodha alikuwa anaitwa Taita Apalis.

Hapo nikasimama kidogo. Nyanya yangu, mamake baba, anakaa Taita, juu kule upande wa Vuria. Nimepanda mlima huo karibu kila Disemba tangu nikiwa mtoto. Nimekula kimanga pale hadi tumbo likakataa. Na sikuwa nimewahi kusikia, hata siku moja, kwamba kuna ndege duniani anayeitwa jina letu.

Nikatafuta. Picha zilizokuwepo zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa na giza giza. Kandege kadogo, urefu wa sentimita 11 hivi. Mgongo wa kijivu kinachokaribia weusi, koo na kifua cheusi, tumbo jeupe, mkia mrefu kwa mwili wa kiasi kile, na jicho la manjano hafifu linalokuangalia kama mtu aliyeamshwa usingizini. Anakaa chini chini, kwenye vichaka vilivyosongamana ndani ya msitu, akiokota wadudu kwenye majani. Halafu nikafika kwenye sentensi iliyonifanya niweke simu chini: yuko Taita peke yake. Si Pwani nzima, si Kenya nzima. Milima ya Taita, basi. Kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini amewekwa daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Makadirio ya idadi yake hupanda na kushuka kutegemea mwaka na aliyehesabu, lakini hakuna hesabu ya miaka ya karibuni inayofika ndege 1,000. Ni mamia machache, na wakati mwingine pungufu.

Kuna shule za msingi hapa Nairobi zenye watoto wengi kuliko ndege hao wote waliopo ulimwenguni.

Yale maneno 100 niliyaandika kwa dakika ishirini na nikaenda kwa ndege wa 38. Lakini kuna kitu kilibaki kinaniwasha. Nilisoma historia chuoni miaka miwili kabla sijaacha. Naweza kukueleza Mkutano wa Berlin wa 1884 uliitishwa na nani na kwa nini. Sikuweza kueleza chochote kuhusu kichaka kilicho nyuma ya jiko la nyanya yangu. Na kichaka hicho, nitakuja kukiri hapo mbele, kina deni langu.

*

Ukitoka Voi na matatu ya Wundanyi unaanza na tambarare: vumbi jekundu, mkonge ukifika Mwatate, joto la kukufanya ufungue dirisha hata kama vumbi litaingia. Halafu barabara inaanza kujikunja, masikio yanaziba, na baada ya muda si mrefu kila mtu anatafuta sweta. Vuria yenyewe, kilele cha juu kabisa, iko mita 2,208 juu ya usawa wa bahari. Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, unavuka nyika bila kuacha kitu, unagonga mwamba wa Taita, unapanda, unapoa, unakuwa ukungu. Ukungu huo ndio uliofanya msitu wa mvua usimame juu ya nyika kavu ya Tsavo, kama sufuria ya maji iliyotundikwa juu ya moto.

Wanasayansi wanaiita milima hii ncha ya kaskazini ya Milima ya Tao la Mashariki. Mlolongo unaanza kusini mwa Tanzania, unapitia Udzungwa, Uluguru, Usambara na Pare, unavuka mpaka na kuishia kwetu. Kenya ina kipande hiki kimoja tu. Na kwa sababu kila mlima umezungukwa na nyika, viumbe wake wameishi kama watu wa kisiwani. Ndege anayezoea kivuli na unyevu hawezi kuamka asubuhi moja na kuvuka Tsavo akaoe Pare. Anabaki. Vizazi vinapita, anabadilika kivyake, na siku moja anakuwa kitu ambacho hakipo mahali pengine.

Ndivyo Taita ilivyopata orodha ndefu ya wenyeji wasiohama. Kuna kurumbiza mweusi mwenye mdomo wa rangi ya machungwa, mkubwa kuliko ndege wetu. Kuna ndege mwingine mdogo wa kijani mwenye mzunguko mweupe jichoni. Kuna ua la zambarau la Mbololo, jamaa wa yale yanayouzwa kwa vyungu mjini. Kuna hata kiumbe kama mnyoo anayeishi ndani ya udongo, kumbe ni wa ukoo wa vyura. Wote hao, kwenye vipande vya msitu wa asili ambavyo ukivijumlisha havifiki kilomita za mraba 10. Ngangao, ambacho ni kati ya vipande vikubwa, ni kama hekta 120. Vingine unavivuka kwa miguu kabla chai haijapoa.

Kwa kawaida hadithi inasimuliwa hivi: zamani milima yote ilikuwa msitu, watu wakaja na mashoka, msitu ukaisha. Utakuta mahali pengi imeandikwa kwamba asilimia 98 ya msitu imepotea. Nilipoanza kusoma kwa makini, swali langu likageuka. Watu wamelima Taita kwa karne nyingi. Ardhi ni ya mteremko, mvua ni nzuri, na kila familia ilihitaji kuni na shamba. Basi ile asilimia mbili ilibaki kwa nini? Nani aliiacha, na aliiacha kwa ajili ya nini?

*

Nilimpigia nyanya simu. Nikamuuliza kama anamjua ndege mdogo mwenye koo jeusi anayekaa kwenye vichaka.

"Ndege ni wengi, mwanangu. Wewe umekula?"

Nikamuuliza basi, kwa nini msitu haukukatwa wote. Hapo akanyamaza, halafu akasema, "Kulikuwa na mahali hatukuingia."

Mahali hapo palikuwa na jina. Wataita wanaita fighi: sehemu za msitu zilizokuwa na dawa za kulinda mtaa dhidi ya maadui, magonjwa na njaa, zikitunzwa na wazee waliojua kazi hiyo. Huendi kuokota kuni kwenye fighi. Hukati fito. Mtoto akifuata mbuzi akaingia humo, kuna wazee wa kuitwa. Na kulikuwa na mapango. Wazee wetu walikuwa wakizika mtu, na baada ya muda fuvu lake linatolewa kaburini na kupelekwa kwenye pango la ukoo, likae na mafuvu ya waliomtangulia. Hapo ndipo ukoo ulikwenda kuzungumza na wafu wake mambo yakiharibika. Nyanya yangu ni Mkristo wa kanisa kila Jumapili, mama wa kikundi, lakini bado anapunguza sauti akifika hapo kwenye hadithi.

Sidhani kuna mzee hata mmoja aliyeacha msitu kwa sababu ya ndege wa sentimita 11. Waliuacha kwa heshima, kwa woga, kwa sababu ya chemchemi iliyokuwa ndani yake. Yule ndege alikuwa kama mpangaji ambaye mwenye nyumba hajui kama yuko. Aliishi kwa sababu za watu wengine.

Halafu sababu zenyewe zikaanza kulegea. Mmisionari Joseph Wray wa CMS alifika Sagalla 1883. Mwaka uliofuata ikaja ile njaa kubwa ambayo Wataita wanaikumbuka kwa jina la Mwakisenge. Mapadri Wakatoliki wakafungua misheni Bura 1892. Reli ikaanza Mombasa 1896, ikapita Voi, na vijana wakaanza kushuka mlimani kutafuta kazi ya mshahara. Mtu akibatizwa, pango linakuwa jambo la aibu. Wazee wa fighi wakifa, ujuzi wao hauna wa kuurithi. Msitu ukabaki umesimama, lakini lile neno lililokuwa likiulinda likaondoka.

Hata mafuvu hayakubaki. Baadhi yalichukuliwa mapangoni na kupelekwa Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1931 mtafiti anayeitwa Elisabeth Kitson alichapisha vipimo vyake katika jarida la Biometrika: urefu, upana, pembe ya taya. Mafuvu ya Wataita yamekuwa sampuli ya kulinganishia tangu wakati huo, wakati mwingine yakitajwa kwa neno moja tu, "Teita". Niliposoma hayo nilikaa nayo muda. Watu hao wana wajukuu wanaopanda matatu Mwatate. Mimi ni mmoja wao, ninavyojua.

*

Ndege nao walikuwa na zamu yao.

Ili ndege apate jina la kisayansi enzi hizo, ilibidi kwanza afe. Anapigwa risasi ya chembe ndogo ndogo, anachunwa, anajazwa pamba, anafungwa kikaratasi mguuni kinachosema alipatikana wapi na lini. Kisha anasafiri kwa meli hadi kwenye droo, anakolazwa kando ya wengine ili mtu mwenye muda amlinganishe nao na kusema: huyu ni tofauti.

Yule kurumbiza wa Taita alipewa jina 1913 na Mmarekani Edgar Mearns, daktari wa jeshi, aliyempa jina la Edmund Heller. Wote wawili walikuja Afrika Mashariki na msafara wa Theodore Roosevelt wa 1909. Yule wa mzunguko jichoni alipewa jina 1935 na James Peters na Arthur Loveridge, watu wa jumba la makumbusho la Harvard. Na 1938 ikafika zamu ya ndege wangu. Aliyemwandika ni Reginald Moreau, akamwita Apalis fuscigularis. Neno la kwanza linatoka kwenye Kigiriki, lina maana ya kitu laini. La pili ni Kilatini, koo jeusi.

Moreau ndiye aliyenichanganya. Nilitarajia profesa. Kumbe alikuwa mtu wa hesabu. Alizaliwa Uingereza 1897, akaajiriwa katika ofisi ya ukaguzi wa hesabu za jeshi, akasumbuliwa na ugonjwa wa viungo, akahamia Cairo mahali pa joto, na huko akaanza kuangalia ndege wa jangwani kama mtu mwingine anavyoangalia mpira. Mwaka 1928 akapata kazi ya ofisini kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kule Usambara. Hakuwa na digrii ya sayansi. Alijifundisha. Baadaye alikuja kuwa mhariri wa Ibis, jarida kubwa la ndege la Waingereza.

Nakubali, hiyo habari ilinifurahisha kuliko inavyopaswa. Mtu aliyeacha chuo hutafuta watakatifu wake popote. Lakini furaha haikudumu, kwa sababu nilipoendelea kusoma nikakutana na mtu mwingine aliyekuwa Amani na ambaye pia hakuwa na digrii: Salimu Asmani. Alikuwa msaidizi wa Moreau na mkewe Winifred, jicho lao na sikio lao msituni kwa miaka. Hakuna aliyemfanya mhariri wa jarida lolote. Mwaka huohuo wa 1938 Moreau alimpa ndege mmoja wa Uluguru jina la Winifred. Ni mapenzi, sikatai. Ila kutokuwa na digrii hakukuwa kitu kimoja kwa kila mtu. Kwa mmoja ilikuwa hadithi nzuri ya kusimulia uzeeni. Kwa mwingine ilikuwa tu hali yake.

Sasa angalia tarehe. 1938 ndege wa Taita anaandikwa kwenye taarifa za klabu ya wataalamu wa ndege London: yeye ni nani, anatoka wapi, ni wa Taita. 1939 watu wa Taita wanaunda Taita Hills Association, Woresha Mengo akiwa kati ya viongozi, kwa sababu ardhi yao nzuri ya chini imechukuliwa kwa mashamba makubwa na sasa serikali ya kikoloni inataka kuwahamisha tena na kupunguza mifugo yao. Walikuwa wakisema kitu kilekile kilichosemwa juu ya ndege: sisi ni wa hapa, hatuna mahali pengine. Mwaka 1940 chama kikapigwa marufuku pamoja na KCA ya Wakikuyu na kile cha Wakamba, na Mengo akaondolewa Taita.

Nisingependa kulazimisha maana. Moreau alikuwa Amani na ndege wake, hakutunga sheria za ardhi za Kenya. Lakini mambo haya mawili yanasomwa kwenye rafu tofauti za maktaba, na nadhani ndiyo sababu sikuwahi kuyaona yakiwa pamoja. Watu walisukumwa kupanda juu zaidi mlimani, na juu ndiko msitu ulikokuwa. Ukikata tambarare ya mtu, usishangae akikata mteremko.

*

Kilichofuata ni cha kawaida, na kawaida yake ndiyo ubaya wake. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ukataka mkulima Mwafrika awe na shamba moja lenye hati na zao la kuuza. Kuanzia miaka hiyo ya 1950 idara ya misitu nayo ikapanda misonobari, saiprasi na mikaratusi kwenye vilele vilivyokuwa wazi na kando ya misitu ya asili. Ukipiga picha kwa mbali, mlima ni kijani. Ukiingia ndani ya shamba la misonobari, chini kuna zulia la sindano kavu na kimya. Hakuna vichaka. Hakuna majani mapana yenye viwavi. Ndege anayetafuta chakula chake kwenye vichaka vya chini anakuwa kama mtu aliyepelekwa supamaketi yenye rafu tupu.

Na hatavuka. Hilo ndilo jambo la ajabu kwa kiumbe mwenye mabawa: shamba la mahindi la mita mia chache linaweza kuwa ukuta kwake. Amezaliwa kwenye kivuli, uwazi unamtisha, na una haki ya kumtisha, kwa kuwa kipanga yuko juu. Kwa hiyo kila kipande cha msitu kinakuwa jela ndogo. Wachache wanaozaliana wenyewe kwa wenyewe, viota vinavyofikiwa kirahisi na wezi wa mayai kwa sababu ukingo uko karibu, kuni zikikatwa kila siku na ng'ombe wakikanyaga yale machipukizi ya chini. Tangu miaka ya 1990 Makumbusho ya Taifa ya Kenya na watafiti kutoka Ubelgiji wamekuwa wakiwanasa ndege wa Taita kwa nyavu, kuwavalisha pete mguuni na kuwaachia, ili wajue nani amebaki wapi. Ndege wetu alipungua hata Ngangao, msitu ambao kwa macho ya kawaida haujaguswa. Msitu unaweza kusimama na bado ukawa umeondokewa.

Nilipofika hapo kwenye kusoma nilikata tiketi ya treni ya Voi.

*

Sasa deni langu.

Mwaka nilipoitwa chuo, mkopo wa serikali ulichelewa na muhula ulikuwa unaanza. Baba hakuwa na kazi. Babu alikuwa ameacha kipande cha kichaka nyuma ya boma, kinachopanda kuelekea msituni, ambacho hakuna aliyewahi kukilima kwa sababu mteremko ni mkali na chini yake kuna chemchemi. Familia ilikaa ikaamua nusu yake ikatwe. Miti mikubwa ikauzwa mbao, iliyobaki ikawa makaa, mahali pake pakapandwa mikaratusi. Karo ya mwaka wa kwanza ikapatikana. Nilipanda basi nikaenda kuwa msomi.

Miaka miwili baadaye nikaacha. Sababu ni zile zile unazozijua: karo, kodi ya nyumba, somo moja lililokosa alama kwenye mfumo na hakuna ofisi iliyokubali ni kosa lake, mpaka nikachoka. Nyumbani hakuna aliyenigombeza. Ingekuwa rahisi kama wangenigombeza.

Niliwakuta nyanya na baba mdogo uani. Baada ya chai baba mdogo akanipeleka nyuma kunionyesha mikaratusi ilivyoshika. Kweli imeshika. Halafu akanyoosha panga kuelekea ile nusu iliyobaki.

"Hii tunaimaliza Januari. Wakesho ameitwa kusomea uuguzi."

Wakesho ni binti yake. Ana akili kunishinda, na bidii ndiyo usiseme. Nikaanza kumweleza baba mdogo kuhusu ndege. Nikamweleza Moreau, 1938, mamia machache duniani. Alinisikiliza kwa adabu, nitampa hiyo. Akauliza, "Umemwona hapa?"

"Hapana."

"Analipa karo?"

Nikanyamaza.

"Wewe ulikatiwa msitu ukaacha shule," akasema taratibu, bila hasira. "Sasa unataka Wakesho asikatiwe?"

Msomaji, nimetafuta jibu la swali hilo tangu siku hiyo. Najua majibu ya kwenye semina. Najua kwamba mikaratusi inakunywa maji na chemchemi inaweza kukauka. Najua kwamba Nature Kenya imeanza kununua vipande vya ardhi huko ili vichaka virudi, na kwamba kuna vikundi vya wenyeji vinavyootesha miche ya asili. Yote ni kweli. Lakini yeye hakuniuliza kuhusu Kenya. Aliniuliza kwa nini gharama iishie kwa Wakesho baada ya mimi kuila.

Kesho yake nilipanda kwenye kipande kimoja cha msitu karibu na Vuria na kijana wa kikundi kimoja cha pale, mwenye daftari lililoloa umande na darubini ya kuazima. Ukungu ulikuwa chini kiasi kwamba milingoti ya mawasiliano ya kileleni ilionekana imeelea. Tulikaa kando ya kijia karibu saa mbili. Nilihesabu siafu. Niliwaza malipo ya wale ndege 50, ambayo yalikuwa hayajaingia. Kisha mwenzangu akanigusa bega, na pale mbele, usawa wa magoti, jani likatikisika bila upepo. Kichwa cheusi. Jicho la manjano. Mkia ukapanda ukashuka. Akaokota kitu kidogo cha kijani chini ya jani, akakigonga mara moja kwenye kijiti, akakimeza. Akaingia ndani. Labda sekunde nne.

Kijana akaandika saa na mahali kwenye daftari. "Mmoja," akasema, na akalirudisha mfukoni.

*

Jioni nilimsimulia nyanya. Nikamwonyesha picha kwenye simu, akaishika mbali na uso kama anavyoshika Biblia akiwa bila miwani.

"Huyu," akasema. "Huyu alikuwa anakuja pale nikichota maji, kabla hamjakata."

Inawezekana ni yeye. Inawezekana ni mwingine anayefanana naye, wapo. Nyanya ana zaidi ya miaka themanini na anapenda kunipa ninachotaka. Kama mwanafunzi wa historia nilipaswa kuuliza mwaka gani, saa ngapi, kwapa lilikuwa rangi gani. Sikuuliza.

Kilichoamuliwa usiku huo hakikuwa na ushujaa. Nyanya alisema ile nusu iliyobaki isiguswe kwa sababu ya chemchemi, kwa kuwa yeye hawezi tena kushuka bondeni kuchota maji. Hakumtaja ndege. Baba mdogo akasema sawa, lakini karo itoke mahali. Ikakubaliwa saiprasi mbili za mpakani zikatwe, baba mdogo auze mbuzi, na mimi niongeze nitakachopata. Pesa za ndege 50 ziliingia wiki tatu baadaye, pungufu ya tulivyokubaliana, nikazituma zote kwa M-Pesa. Zililipa chini ya robo ya muhula mmoja.

Kwa hiyo kichaka kipo. Kipo mwaka huu. Januari nyingine inakuja na muhula mwingine, na Wakesho anasoma miaka mitatu. Kwa mara nyingine msitu wa Taita umeachwa kwa sababu isiyomhusu ndege: goti la bibi kizee na njia ya maji. Mimi naandika makala kama hii, nakubali vibarua vya usiku, natuma ninachoweza. Nikikosa mwezi mmoja, najua panga limewekwa wapi.

Yale maneno 100 ya awali yako kwenye mtandao, bila jina langu. Yanasema ni ndege mdogo wa kuvutia anayepatikana katika milima mizuri ya Taita, na kwamba mgeni mwenye subira anaweza kubahatika kumwona. Hakuna uongo ndani yake. Niliomba nibadilishe sentensi moja, nikaambiwa kazi ilishafungwa.